Mikono ya Chuma Niliyoitupa Kwenye Skrepa

Vijana wangu, nyinyi mnaonifuata hapa Amalemba na picha za pikapu kwenye simu, nimewaona. Magari mmeyainua mpaka mtu mfupi kama mimi hawezi kupanda bila kushikiliwa. Halafu mnaniuliza, "Mzee, mbele tuweke mikono gani?" Nawajibu maneno mawili matatu, naingia ndani kunywa chai yangu. Najua mnasema mzee siku hizi amekuwa mkali. Si ukali. Swali hilo liliwahi kuwekwa mbele yangu nikiwa na umri kama wenu, nikalijibu vibaya, na aliyeumia hakuwa mimi.

Leo nitalijibu lote.

Kwa ambaye hajawahi kulala chini ya gari, jambo liko hivi. Gurudumu la mbele la pikapu hizi linashikwa na mikono miwili ya chuma, mmoja juu na mwingine chini. Upande mmoja mkono umefungwa kwenye chesisi, mgongo wa gari, na katikati kuna mpira tunaouita bushi. Upande wa pili kuna boljointi, yaani gololi kubwa ya chuma inayochezea ndani ya kikombe chake. Gari likipita shimo, mikono inapanda na kushuka, gurudumu linabaki wima. Sasa wewe ukiinua gari, chesisi inapanda, lakini gurudumu linabaki pale pale barabarani. Mikono inaning'inia. Gololi inalala upande, pini yake inagusa mdomo wa kikombe, na kila shimo linaigonga pale pale shingoni. Haivunjiki siku hiyo. Huo ndio ubaya wake. Ingekuwa inavunjikia gerejini, tungecheka, tukanawa mikono, tukaenda nyumbani.

Kwa hiyo usianze kuuliza gari ni la aina gani. Anza kuuliza limesimama juu kiasi gani.

Maneno hayo si yangu. Ni ya Fundi Erasto Andayi wa Lubao, aliyenifundisha kazi katika gereji ya Bwana Lalji hapa mjini, miaka ile ya kwanza ya uhuru. Erasto alijifunza ufundi jeshini wakati wa vita vya Wazungu, akarudi na ovaroli mbili na tabia ya kutoharakishwa na mtu. Alikuwa na fimbo ya mpera. Ncha moja aliiweka kwenye chuma, ncha nyingine sikioni, akafumba macho, injini inanguruma. Wateja wapya walidhani anafanya uganga. Mzungu mmoja aliwahi kumwuliza kama gari limemwambia jina la aliyeliroga. Erasto alimjibu bila kufumbua macho, "Linasema dereva wake habadilishi oili." Mzungu yule alicheka hadi akaketi juu ya tairi.

Neno moja alikuwa hataki kulisikia kabisa gerejini, nalo ni "inafanana." Ukimletea spea ukasema inafanana na ile ya zamani, aliirudisha mikononi mwako. "Mimi na ndugu yangu tunafanana," alisema, "lakini mke wangu anatutofautisha. Pima."

Nami kupima nilikuona kazi ya wazee. Mwaka wangu wa pili nilibadilisha bushi za gari la daktari. Nilizipaka grisi ili ziingie kwa urahisi, nikakaza bolti zote gari likiwa bado juu ya jeki, nikajisifu kwamba nimemaliza kabla ya saa sita. Wiki mbili baadaye daktari alirudi, gari linalia kama mlango wa zizi. Grisi ilikuwa imeula mpira. Tena kwa kuwa nilikaza gari likiwa hewani, liliposhushwa mipira yote ilijisokota. Erasto hakunigombeza. Alinipa kipande cha sabuni na karai la maji, akasema, "Bushi inaingia kwa sabuni. Na bolti inakazwa gari likiwa limesimama kwa miguu yake." Nilirudia kazi yote yeye akiwa ameketi juu ya debe, anakula mahindi ya kuchoma. Kila nilipoinua macho alinionyesha kwa gunzi mahali nilipokosea. Hilo mlishike mpaka leo, maana nawaona wengi mnakaza gari likiwa hewani.

Wakati huo Wazungu wa Lugari walikuwa wanaondoka, na mashamba yao yalikatwa vipande wakapewa watu wetu. Magari yao pia yalibaki. Mmoja wa waliopata shamba alikuwa Mwalimu Khaemba, mtu mrefu, mpole, aliyeacha chaki akashika jembe. Pamoja na shamba alinunua pikapu ya Mzungu aliyekuwa pale kabla yake. Mzungu yule alikuwa amechoka kukwama matopeni, akapeleka pikapu kwa fundi Mzungu mwenzake kule Eldoret, wakaiinua karibu inchi tatu. Ilikuwa inatembea kama mbuni. Kwa matope ya Lugari hapakuwa na gari bora kuliko hilo. Mwalimu alilitumia kubeba mahindi yake na ya majirani, wagonjwa, maiti, na mara moja maarusi wawili pamoja na jogoo wa mahari.

Basi ikawa msimu wa kuvuna. Mwalimu alikuja gerejini siku ya Ijumaa, gari linagonga mbele. Erasto hakuwepo. Alikuwa ameenda kumzika mjomba wake, angerudi Jumatatu. Aliniacha mimi msimamizi, na maneno yake ya mwisho yalikuwa, "Kazi ngumu ingoje." Nilipoangalia chini ya pikapu ya Mwalimu, niliona bushi za mikono ya juu zimeisha na boljointi zinacheza. Nikamwambia afadhali tubadilishe mikono yote miwili ya juu, kwa kuwa mipya inakuja na kila kitu chake.

"Itachukua muda gani?" aliuliza Mwalimu.

"Kesho jioni unaondoka nayo."

"Yosia, mahindi yangu yako nje na mvua inakuja. Fundi Erasto yuko wapi?"

"Mwalimu, mimi si fundi?"

Alinitazama, akatabasamu. "Wewe ni fundi," alisema.

Neno hilo lilinipanda kichwani. Nilimtuma mtu Kisumu kwa basi na nambari ya gari. Kesho yake akarudi na mikono miwili mipya, iko ndani ya boksi, imepakwa rangi nyeusi inang'aa. Nambari ya kitabu cha spea ilikuwa sawa, na jina la gari pia. Nilitoa ile ya zamani nikailaza sakafuni kando ya ile mipya, na hapo ndipo nilipoona. Ya zamani ilikuwa mirefu kidogo, labda upana wa kidole. Tena mahali pa kukalia boljointi palikuwa pamepindwa kuangalia chini. Nilisimama pale nikiitazama. Nawaambieni ukweli, vijana, moyo wangu uliuliza. Lakini nilikuwa nimeshamwahidi Mwalimu, naye alikuwa ameketi mlangoni na kofia yake magotini. Nikajiambia kwamba ile ya zamani imepinda kwa kugonga mashimo. Nikaitupa kwenye skrepa, lundo la vyuma vikuukuu nyuma ya gereji, nikafunga mipya. Safari hii nilikaza gari likiwa chini. Nilijivuna kwa hilo.

Jumatatu asubuhi Erasto alirudi, bado ana kitambaa cheusi mkononi. Aliuliza habari za kazi. Nilimwambia za pikapu ya Mwalimu kama mtu anayeeleza habari njema.

"Umeweka ipi?"

"Mipya kabisa, Fundi. Kutoka kwenye boksi."

"Sikuulizi kama ni mipya. Ile ya zamani iko wapi?"

Tulienda nyuma ya gereji. Aliipekua skrepa mwenyewe, akaitoa mikono yote miwili, akaipangusa kwa kiganja. Alionyesha palipopindwa. Kwa ndani palikuwa na alama za kuchomelea, laini, kazi ya mtu aliyekuwa na subira.

"Unaona? Haikupinda. Imepindwa. Huyu fundi wa Eldoret alirefusha mkono akageuza kikombe, ili gololi ikae katikati gari likiwa juu. Kitabu kiliandikwa kwa gari linalosimama chini, Yosia. Hili halisimami chini."

Nilipitisha kidole juu ya alama zile.

"Ulipoilaza pamoja hukuona tofauti?"

"Sikuona," nilisema.

Huo ndio uongo wangu wa kwanza, nao ulikuwa mdogo, wa neno moja.

Erasto hakukaa. Alichukua bushi mpya na boljointi mbili tulizokuwa nazo stoo, akazitia kwenye gunia pamoja na ile mikono ya zamani, jeki na spana zake, akabeba begani kwenda stendi ya basi. Gunia lile lilikuwa zito. Nilimtazama akivuka barabara, bega moja limeshuka. Ningeweza kusema, "Fundi, twende wote." Niliogopa kukaa naye kwenye kiti kimoja safari nzima akiwa kimya. Nikarudi kwenye benchi nikajifanya kutafuta faili ya kusugulia chuma.

Yaliyofuata nilisimuliwa na Mwalimu mwenyewe. Basi lilimshusha Erasto njia panda ya shamba, mvua inanyesha. Kabla hajatembea mbali aliona pikapu inakuja, imejaa magunia ya mahindi. Akaweka mzigo wake chini, akasimama katikati ya barabara na kunyoosha mikono yote miwili. Mwalimu alisimamisha gari. Erasto alichungulia kwenye gurudumu la kulia, akapapasa, akatoa mkono. Shingo ya pini ilikuwa na ufa.

"Mwalimu, gari hili haliendi sokoni," alisema. "Nitalitengeneza hapa hapa."

Lakini hapo palikuwa mteremko na tope. Jeki ingezama. Kulikuwa na shule ya msingi huko mbele, mwendo mfupi tu, uwanja wake mgumu. Wakakubaliana waende polepole, mwendo wa mtu anayetembea, hadi kwenye uwanja ule. Erasto alisimama upande wa kulia nje ya mlango, kwenye ubao wa kukanyagia, ameinama ili aone gurudumu. Walikuwa karibu kufika. Mwalimu alisema aliona hata bendera ya shule. Pini ikakatika. Gurudumu likalala ndani, gari likaingia mtaroni upande wa kulia, na magunia yote yakahamia upande ule.

Watoto wa shule ndio waliosaidia kuondoa magunia. Mwalimu alitoka na michubuko. Mguu wa Erasto, madaktari waliukata juu ya goti.

Nilienda hospitalini siku iliyofuata. Bwana Lalji alikuwa amefika kabla yangu, amesimama kando ya kitanda pamoja na askari mwenye daftari. Hakuwa mtu mbaya, Bwana Lalji, lakini hofu ilikuwa imemshika. Kama Wahindi wengi wakati ule, kila siku aliwaza kama abaki au ahame, na sasa gari lililotoka gerejini kwake limeangusha watu.

"Andayi," alisema, "nani alichagua vile vyuma?"

Erasto alinitazama. Uso wake ulikuwa kama majivu. Mimi nilikuwa nimeoa miezi mitatu tu kabla ya hapo, na yeye ndiye aliyesimama nami kanisani.

"Ni mimi," alisema. "Nilimwachia Yosia maagizo kabla ya kwenda matangani. Nilimwambia aweke ya kitabu. Nilikosea."

Nilifungua mdomo. Akainua mkono kutoka kwenye shuka. "Nyamaza," akaniambia, kwa sauti ya chini, kama alivyokuwa akiniambia anaposikiliza injini.

Nami nikanyamaza. Askari akaandika.

Erasto hakurudi gerejini. Bwana Lalji alimwachisha kazi, akanipa mimi benchi lake na ufunguo wa stoo. Mjini ilisemwa kwamba Fundi Erasto amezeeka, kwamba macho yake yameisha, kwamba aliweka vyuma vibaya akaumizwa na vyuma vyake mwenyewe. Niliyasikia maneno hayo kwenye kinyozi, kwenye duka la unga, kanisani. Mara nyingine aliyesema alinigeukia mimi ili nikubali. Nilikuwa natazama kando.

Kila Jumapili baada ya ibada nilipanda baiskeli kwenda kwake Lubao. Nilipeleka sukari, majani ya chai, wakati mwingine kipande cha nyama. Nilimkuta nje ya nyumba kwenye kiti chake, anatengeneza taa za mafuta na baiskeli za majirani. Mke wake, Mama Rhoda, alileta chai, na siku nyingine alinilazimisha kula obusuma na ingokho, ugali wetu kwa kuku. Tuliongea juu ya kazi. Aliniuliza magari yaliyoingia wiki hiyo, yanagonga wapi, nimefanya nini. Alinifundisha mengi zaidi kwenye kiti kile kuliko hata gerejini. Ndipo aliponieleza namna ya kuchagua mikono ya gari lililoinuliwa. Funga uzi kutoka katikati ya gurudumu mpaka ukingo wa bodi, pima, andika. Shusha gari lisimame kwa uzito wake, tazama gololi imekaa wapi ndani ya kikombe. Liinue hadi gurudumu lining'inie, tazama tena. Pini ikigusa mdomo wa kikombe, mkono huo si wa gari hilo, hata kama umetoka kiwandani asubuhi ya leo. Na kama huwezi kupata mkono unaofaa, lishushe gari lirudi kimo chake. Mwenye gari atanung'unika, mwache anung'unike.

Alinieleza hayo yote kwa utulivu, akichora kwa kijiti mavumbini. Alipomaliza aliweka kijiti chini, akanitazama. Nilisema, "Asante, Fundi." Nikamaliza chai, nikapanda baiskeli.

Nilifanya hivyo miaka minne.

Kisha kifua kilimshika. Hakuugua muda mrefu. Mazishi yake yalijaa watu, Mwalimu Khaemba alikuja kutoka Lugari, Bwana Lalji alituma maua. Mzee wa kanisa aliposoma maisha ya marehemu, alisema Erasto alikuwa fundi hodari, ingawa siku moja alikosea, kwa kuwa hakuna binadamu asiyekosea. Watu wakatikisa vichwa kwa huruma. Halafu wakaniita mimi niseme kwa niaba ya gereji. Nilisimama kando ya jeneza. Nilisema, "Alinifundisha kazi." Nikaketi. Walidhani ni uchungu.

Siku kumi baadaye nilienda kwa Mama Rhoda, na haikuwa Jumapili. Nilimkuta anaanika maharage. Sikungoja kiti. Nilimwambia nikiwa nimesimama: vyuma nilichagua mimi, hakuna maagizo niliyoachiwa, tofauti niliiona kwa macho yangu, na Erasto nilimwambia sikuiona.

Mama Rhoda aliendelea kutandaza maharage kwa kiganja mpaka yakawa sawa.

"Najua," alisema. "Aliniambia siku ile ile, hospitalini."

"Na hukuniuliza?"

"Alinikataza. Alisema, huyu ni mtoto mzuri, atasema mwenyewe. Kila Jumapili akiona baiskeli yako ananiambianga, 'Weka chai, Mama Rhoda, leo pengine atasema.' Ukiondoka, ananyamazanga mpaka jioni."

"Mama, yeye ndiye aliyeniambia ninyamaze."

"Alikwambia unyamaze mbele ya askari, usifukuzwe kazi na una bibi nyumbani. Hapa kwake alikuwa amekukataza nani?"

Nilishika baiskeli yangu nikarudi mjini.

Kesho yake nilimwambia Bwana Lalji. Alivua miwani, akaiweka mezani, kisha akasema nimrudishie ufunguo wa stoo. Nilimrudishia. Nilibaki hapo kama fundi wa kawaida hadi alipouza gereji na kuhama. Nilipanda basi hadi Lugari nikamwambia Mwalimu, naye alilia mbele yangu, mtu mzima, akisema kwamba miaka yote hiyo alikuwa akimwombea Erasto asamehewe kosa lake. Jumapili nilisimama kanisani Lubao nikasema mbele ya wote, nikataja kila kitu, hata ile mikono nilivyoilaza sakafuni. Mzee wa kanisa alisema itaandikwa upya katika daftari la marehemu.

Baada ya ibada nilitembea na Mama Rhoda hadi kwake. Nilimwambia, "Sasa nimewaambia wote, Mama. Hakuna aliyebaki."

Alisimama mlangoni, mkono kwenye kizingiti. Hakuwa na hasira. Uso wake ulikuwa umechoka tu.

"Ni vizuri, Yosia," alisema. "Jina lake limekuwa safi, na watoto watashukuru. Lakini sisi wote hatukuwa tunakungoja. Aliyekuwa anakungoja ni yeye."

Akaingia ndani kuwasha moto, nami nikabaki uani.